Molibdeni: kabla ya kununua vidonge, angalia sahani

Ukiuziwa vidonge vya molibdeni (madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana) hapa Goma eti ni dawa ya uchovu, weka pesa yako mfukoni. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 45 kwa siku, mama mjamzito au anayenyonyesha 50. Nusu kikombe cha kunde zilizochemshwa kinaweza kutoa zaidi ya 250, ingawa kiasi hubadilika kufuatana na udongo. Maharagi, maini na maziwa pia yanayo. Anayekula fufu kwa maharagi hana sababu ya kuhangaika.

Kazi yake ni kuwezesha vimeng'enya vichache (protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini), hasa kile kinachogeuza salfaiti, ambayo ni sumu kwa ubongo, kuwa salfeti isiyodhuru. Kingine hutengeneza asidi ya uriki, taka ambayo mwili huitoa kwa mkojo.

Upungufu wa molibdeni unaotokana na chakula pekee ni nadra mno. Mgonjwa anayejulikana, mwaka 1981, alikuwa akilishwa kwa mshipa muda mrefu: moyo kwenda mbio, kichwa kuuma, kutoona usiku, mwishowe kupoteza fahamu.

Kinachotaka macho ni mtoto mchanga. Akishikwa na degedege siku za kwanza, dawa hazilitulizi, na kunyonya kunamshinda, mkimbizeni hospitali. Huenda ni kasoro ya kurithi inayouzuia mwili kutumia molibdeni, na hapo vidonge vya molibdeni havisaidii. Daktari apime asidi ya uriki kwenye damu (mara nyingi huwa chini sana) na salfaiti kwenye mkojo. Mkojo uwe wa saa hiyohiyo: ukikaa, salfaiti huharibika na kipimo kinadanganya.