Kusuka mkeka wa ukindu: kazi yenyewe iko kabla hujaanza kusuka

Wengi wakitaka kujifunza mkeka wanakimbilia kusuka, afu ukili, ule utepe mrefu unaosukwa kisha unashonwa kuwa mkeka, ukipinda kama nyoka wanasema mikono yao mizito, kumbe ukindu wenyewe, yale majani ya kusukia, haujaandaliwa. Unataka makuti machanga ya mkindu, yale hayajafunguka, na ukienda kukata vaa nguo nzito maana ile miba ya chini ya kuti haina mchezo, na usimalize yote kwenye kichaka kimoja, mti nao unataka kuishi.

Anika juani siku kadhaa mpaka yawe meupe, usiku ingiza ndani, umande ukiyapata yanatoka madoa na hapo hata rangi haikusaidii. Rangi ni ile ya unga ya dukani, chemsha maji kwenye sufuria ambayo hutapikia tena, tia rangi na chumvi kidogo, zamisha ukindu, geuzageuza mpaka ikolee. Suuza hadi maji yatoke safi, la sivyo mgeni wako atanyanyuka na kanzu ina zambarau nyuma.

Sasa chana. Chane zote ziwe upana mmoja, nusu sentimita hivi, yaani hapa usiwe na haraka kabisa, moja nene moja nyembamba ndo inayopindisha ukili. Kabla ya kusuka zinyunyizie maji uzifunge kwenye kitambaa kibichi zilainike tu, usiloweke, zikilowa chepechepe leo utasuka vizuri kesho zikikauka zinasinyaa ukili unabaki matundu matupu.

Anza na chane 7, ukizoea nenda 13, hizo zinakupa upana wa karibu inchi 2. Uchane wa pembeni unaukunja unaingia ndani, juu chini juu chini, kaza kila mkunjo. Ukikaribia kuisha laza mwingine juu yake visukwe pamoja kidogo, mikia utakata na mkasi baadae. Ila usiunge chane mbili sehemu moja, patavimba.

Piga hesabu: mkeka wa futi 6 kwa 4 ni vipande 24 vya ukili huo wa inchi 2, kila kimoja futi 6, jumla futi 144, ndo maana akina mama wa pwani wanasuka huku wanapiga stori.

Kushona tumia shazia, ile sindano nene ya mikeka. Vipande ubavu kwa ubavu, uzi upite chini ya mikunjo ya pembeni usionekane, na usivute sana mkeka utajikunja katikati. Malizia kwa kuzungushia ukili mwembamba kuficha ncha. Mkeka ukichafuka futa na kitambaa kibichi uanike kivulini, jua kali linapausha rangi.