Mbwa Akiuma Mtu: Namna ya Kumwangalia kwa Siku 10
Mbwa anapomuuma mtu, iwe Ngamiani au Chumbageni hapa Tanga, jambo la kwanza ni jeraha: lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha majeruhi apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, pasipo kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Mbwa naye asiuawe kwa hasira (hapa ndipo wengi wetu hukosea), bali afungiwe mahali imara na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu watafiti wamebaini kuwa mbwa au paka hutoa virusi vya kichaa katika mate siku chache tu kabla ya dalili, na akishaanza kuugua hufa upesi. Mtazame kila asubuhi kwa mbali: taya lililolegea, ute unaoning'inia hadi kifuani, mbweko uliokauka kama wa mtu aliyepoteza sauti, maji anayoyaendea akashindwa kuyameza.

Akifa, usimguse kwa mikono mitupu wala usiharakishe kumzika. Mwite daktari wa mifugo, kwani ugonjwa huu huthibitishwa kwa kupima ubongo, na sampuli husafirishwa ikiwa imepoozwa kwa barafu.