Ukifungua mfungo anza na protini, wanga ufuate

Kwa wale tunaofunga masaa 16 na kula ndani ya masaa 8, mlo wa kwanza usianze na wali wala mkate. Anza na chakula chenye protini, bakuli la maharage au mayai mawili, kula taratibu alafu subiri kama dakika 15 hadi 20 ndo upakue wanga. Nimejaribu wiki hii na imenisaidia sana. Sababu ni kwamba tumbo linachukua muda kuujulisha ubongo kuwa limeshiba, na protini inashibisha kuliko wanga, kwa hiyo ukija kwenye wali unajikuta unapakua kidogo bila kujilazimisha, na sukari kwenye damu haipandi kwa kasi. Maharage makavu ndo mkombozi wa bajeti, kikombe kimoja yakishaiva kina kama gramu 15 za protini, mayai mawili ni kama 12. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha mengi kwa mara moja, gawa kwenye vikopo weka friza, maana saa ya kula ikifika una njaa na hakuna kilichoiva utakula chochote kile, na hapo ndo wengi tunaharibu.

Haifai kama unaenda mazoezi mazito muda huohuo, hapo wanga unauhitaji mapema na maharage yatakujaza gesi tu. Na kama unatumia insulini au dawa za kushusha sukari, au ni mjamzito, tafadhali usifunge kabla hujaongea na daktari.