Kuotesha Mizizi kwenye Vipande vya Matawi

Tawi lililokatwa halina mizizi ya kunywea maji, ilhali majani yake yanaendelea kuyapoteza. Kazi yako ni kulizuia lisikauke wala lisioze mpaka lijitegemee.

1. Chagua tawi. Kata asubuhi, mmea ukiwa bado umejaa maji. Tafuta tawi lenye afya lisilo na maua. Waridi na bogenvilia hufaa zaidi shina lililoanza kukomaa, nene kama penseli.

2. Kata. Sentimita 10 hadi 15 zinatosha. Tumia kisu kikali kilichofutwa kwa spiriti, maana mkasi butu husaga shina na palipopondeka ndipo uozo huanzia. Pitisha kisu chini kidogo ya kifundo, pale jani linapotokea. Mizizi huchomoza hapo kwa urahisi. Mimi hukata upande wa chini mshazari na wa juu bapa, nisije nikachanganya, kwani kipande kilichopandwa kichwa chini ni nadra kushika.

3. Punguza majani. Hapa wengi huingiwa na huruma. Ondoa yote ya chini, bakiza mawili au matatu juu, na yaliyo mapana yakate nusu.

Mnyaa na dungusi usiwapande siku hiyo hiyo. Waache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke.

4. Panda. Changanya mchanga wa chembe kubwa usio na chumvi na unga wa makumbi ya nazi, nusu kwa nusu. Samadi na mbolea weka kando kwanza. Toboa tundu kwa kijiti ndipo uingize kipande, angalau kifundo kimoja kifukiwe, kisha shindilia kidogo. Ukiwa na homoni ya mizizi, yaani dawa ya kuchochea mizizi iote, chovya ncha tu na ukung'ute, ikizidi hudhuru. Mnanaa na mrihani hawaihitaji, hata glasi ya maji huwatosha, mradi uyabadilishe kila baada ya siku 2 au 3.

5. Funika. Vika chungu mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ila mfuko wenyewe usiguse majani. Uweke penye mwanga ila si juani, maana ndani ya mfuko jua hupika. Joto la nyuzi 20 hadi 25 ni zuri. Fungua kidogo kila siku hewa ibadilike. Mchanga uwe na unyevu, usiwe tope.

6. Ngoja. Jani jipya lisikudanganye. Waridi na bogenvilia huweza kuchipua kwa akiba iliyomo shinani kabla ya kutoa mzizi hata mmoja. Ukiondoa mfuko kwa furaha, kesho utakuta kipande kimenyauka. Usiking'oe kuchungulia. Kivute taratibu mno: kikishikilia, au ukiona mizizi kwenye matundu ya chungu, anza kukizoesha hewa. Fungua mfuko saa chache, uongeze kila siku kwa muda wa wiki hivi, kisha ukihamishie kwenye udongo wenye rutuba.