Namna ya Kufundisha Kusudi la Amri za Mungu katika Darasa la Kipaimara

Mwalimu anayeanza kuwakaririsha vijana Amri Kumi kwa maneno "Usiwe na miungu mingine ila mimi" amekwisha kuruka sentensi inayozibeba zote. Kabla ya amri yoyote, fungua Kutoka 20 na usome mstari wa 2 polepole, mara mbili: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Kisha waulize vijana Waisraeli walikuwa wapi siku walipozisikia amri. Walikuwa Sinai, wamekwisha kuvuka bahari, wako huru. Hawakupewa amri kule Misri ili wakizishika ndipo wakombolewe. Walikombolewa kwanza, ndipo wakafundishwa kuishi kama watu waliokombolewa. Usiharakishe hapa, hata kama kipindi kizima kitaishia kwenye mstari huo mmoja, kwa sababu kijana asiyeuelewa ataziona amri kuwa ada ya kuingilia mbinguni.

Kwetu Kusini mwa Tanzania mfano hauko mbali. Misafara ya watumwa ilipita katika nchi hii kwenda Kilwa Kivinje, na mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Waambie vijana wajaribu kuusikia mstari ule wa 2 kwa masikio ya watu wale.

Baada ya hapo eleza kwamba amri hututambulisha dhambi, kama Paulo anavyoandika katika Warumi 3:20. Mizani ya chama cha msingi cha ushirika huonyesha upungufu wa gunia la korosho, lakini haiwezi kuliongezea hata korosho moja. Amri nazo huonyesha tulivyopungua, na kwa hiyo hutupeleka kwa Kristo, aliyesema kwamba hakuja kuitangua torati bali kuitimiliza.

Sasa chagua amri moja na uishushe mpaka shambani. Mimi huchagua "Usiibe". (Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya saba, Waanglikana ya nane, litaje jambo hilo mapema, maana vijana wenye ndugu katika madhehebu mbalimbali watakuuliza.) Soma Walawi 19:35-36, ambapo Mungu anadai mizani ya haki, na uonyeshe mstari huo unavyomalizika: kwa kuitaja tena Misri. Mtu aliyetolewa katika dhuluma hawezi kuwa mdhulumu. Hapo zungumza waziwazi juu ya kangomba, ule ununuzi wa kumpimia mkulima mwenye shida kwa chombo, kwa bei ya chini, kabla msimu haujafunguka. Zungumza pia juu ya mkulima anayechanganya kokoto katika gunia. Waulize vijana wataje upande wa pili wa katazo hili, yaani mema wanayoagizwa: kulinda mali ya jirani kama wanavyolinda yao. Bila upande huo, mtu ambaye hajaiba atadhani hana la kufanya, ilhali Yesu amezifunga amri zote katika kumpenda Mungu na jirani.

Usimlazimishe mtu kuungama mbele ya darasa. Baki kidogo baada ya sala ya mwisho, ukikunja mkeka au kufunga madirisha, ili mwenye neno akufuate. Mwaka mmoja alinifuata baba aliyemleta mwanawe, naye alikuwa amesikiliza akiwa mlangoni. Alinunua kwa kangomba kwa mjane mmoja wa jirani, na alitaka kujua kama bado anaruhusiwa kushiriki meza ya Bwana. Nilimfungulia habari za Zakayo, Luka 19, tukaisoma pamoja mpaka mstari wa 8, pale Zakayo anapoahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kisha akaomba karatasi, akaanza kupiga hesabu ya kilo alizochukua.