Kabla ya Kubadilisha Balbu za Taa za Mbele: Mwongozo kwa Mwenye Gari Nairobi

Mwenye gari anayelalamika kwamba usiku haoni barabara vizuri, hasa akiuacha mji nyuma na kushika njia ya Limuru au ya Namanga, hupewa ushauri mmoja na karibu kila mtu: atoe balbu alizo nazo, aweke za LED. Ushauri huo huenda ukawa sahihi, lakini mara nyingi hutolewa kabla ya mtu yeyote kuinama na kuitazama taa yenyewe. Ndani ya taa ya mbele mna vitu vinne vinavyotegemeana, yaani balbu, kiakisi (kioo kinachorudisha mwanga mbele) au lenzi ya projekta (ya mviringo, inayoukusanya mwanga), kifuniko cha plastiki cha mbele, na umeme unaoifikia balbu. Na kwa kuwa balbu ndiyo inayopatikana kwa urahisi dukani, ndiyo inayolaumiwa kwanza.

Anza na kifuniko. Magari mengi ya Nairobi yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japani kwa miaka kadhaa, na vifuniko vya taa zake vimetengenezwa kwa polikabonati, plastiki inayopakwa utando wa kuikinga na miale ya jua. Utando huo ukichakaa, plastiki hugeuka manjano na kufanya ukungu, nao ukungu huo hauzuii mwanga tu bali pia huutawanya, kiasi kwamba balbu kali zaidi nyuma yake humsumbua anayekuja mbele yako kuliko inavyokusaidia wewe. Kifuniko husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia ule wa namba 800 au 1000 hadi 3000, kisha hung'arishwa na kupakwa kinga mpya ya jua. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi. Atakayekusugulia taa kwa dawa ya meno atakurudishia gari linalong'aa, lakini ukungu utarudi upesi kwa sababu plastiki imeachwa uchi.

Jambo la pili ni umeme, nalo nitalikalia kidogo kwa kuwa hupuuzwa na mafundi wengi. Washa injini, washa taa za dimu (za kuangaza karibu), kisha upime volti kwenye betri na upime tena kwenye soketi ya balbu wakati balbu inawaka. Mwanga wa halojeni, yaani balbu ya kawaida yenye uzi unaowaka, haupungui kwa kiwango kilekile cha volti, bali hupungua kwa kasi kubwa zaidi: betri ikisoma volti 14 na soketi ikasoma 12.6, upungufu huo wa asilimia 10 umekupokonya takriban asilimia 30 ya mwanga. Sababu huwa ni nyaya nyembamba, soketi iliyoungua, waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) uliopata kutu, au swichi iliyochoka kubeba mzigo wote wa taa. Katika gari la zamani, suluhisho ni kusafisha athi na kuweka relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) yenye nyaya nene zinazotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu na betri hiyo. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hupita balbu nyingi za bei ghali. Hata hivyo, katika gari jipya ambalo taa zake husimamiwa na kompyuta, usiruhusu mtu akate nyaya. Mpelekee fundi anayelijua gari la aina hiyo.

Jambo la tatu ni mwelekeo wa mwanga. Tafuta mahali palipo sawa penye ukuta, mathalani sehemu ya maegesho iliyo chini ya jengo, upepo wa magurudumu ukiwa sahihi na mtu akiwa ameketi kwenye kiti cha dereva. Kama gari lina kitufe cha kupandisha na kushusha taa kwenye dashibodi, kiweke kwenye 0. Sogeza gari karibu na ukuta, uweke alama ya utepe palipo sawa na kitovu cha kila taa, kisha urudi nyuma mita 10. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu unapaswa kuwa chini ya alama kwa takriban sentimita 10, na upande wa kushoto ukingo huo upande juu kidogo, kwa kuwa huku tunaendesha kushoto na mwanga huo wa pembeni ndio unaomwonyesha dereva mtembea kwa miguu na ukingo wa lami. Taa za Japani na za Uingereza zimeundwa hivyo. Ukibadilishiwa taa nzima baada ya ajali, hakikisha haikutoka kwenye gari la nchi zinazoendesha kulia, kwa maana taa hiyo hupandisha mwanga machoni mwa anayekuja, na hakuna skrubu itakayoirekebisha.

Ikiwa hayo matatu yametengenezwa na mwanga bado haukutoshi, sasa nenda dukani. Kwanza soma msimbo ulio kwenye kitako cha balbu iliyomo: H4, H7, H11, HB3 na kadhalika. H4, inayopatikana katika magari mengi madogo na ya kazi, hubeba nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 55 za dimu na wati 60 za fulu, ilhali H7 na H11 zina uzi mmoja tu. Misimbo hii haibadilishani, hata kama muuzaji atakuambia kwamba kitako kinaweza kukatwa kidogo na kuingia.

Chaguo la kwanza, na kwa maoni yangu lililo bora kwa wengi, ni halojeni nzuri ya msimbo uleule na wati zilezile. Kampuni kama Philips na Osram hutengeneza halojeni za kawaida na zile zilizoboreshwa, ambazo maboksi yake huandikwa asilimia 100 au 130 zaidi. Idadi hiyo isikupumbaze: hupimwa katika sehemu fulani za barabara na hulinganishwa na kiwango cha chini kinachokubalika kisheria, si na balbu uliyo nayo. Manufaa yapo, kwa kuwa uzi wake ni mwembamba na umewekwa kwa usahihi zaidi ili mwanga uende mbali, lakini uzi huohuo huungua mapema. Anayeendesha kila usiku afadhali anunue ya kawaida. Anayesafiri usiku mara moja moja atafaidika na iliyoboreshwa. Balbu zenye rangi ya buluu ziache, kwa sababu rangi hiyo hupatikana kwa kuzuia sehemu ya mwanga usitoke. Ziache pia H4 za wati 100, kwani joto lake huyeyusha soketi, huharibu kiakisi, na hutaka umeme ambao nyaya za gari hazikukusudiwa kuubeba.

LED ndizo zinazosifiwa zaidi, nazo zinahitaji maelezo marefu kidogo. Kiakisi cha taa ya halojeni kimepindwa kwa hesabu inayodhani kwamba mwanga unatoka kwenye uzi mwembamba ulio mahali maalumu, unaotoa mwanga pande zote kuuzunguka. Balbu ya LED ina vipande bapa viwili vinavyotazama pande mbili, na vikikaa milimita chache nje ya mahali pa uzi, au vikiwa vinene kuliko uzi, mwanga hurushwa mahali pasipotakiwa. Dereva huona weupe mwingi mbele ya bonneti na kufurahi, ilhali mwangaza huo wa karibu huzibana mboni za macho yake na kumfanya asione mbali kama awali, huku wa upande wa pili akipofuka. Ndiyo maana Ujerumani, ilipoanza mwaka 2020 kuruhusu balbu za LED katika taa za halojeni, haikuziruhusu kwa jumla. Ilikubali balbu mahususi katika aina za magari zilizopimwa, na orodha hiyo hutofautiana kwa kila balbu.

Taa yenye projekta husamehe zaidi, kwa sababu kizuizi chake cha ndani hukata mwanga wa juu hata balbu isipolingana sawasawa, ingawa umbali wa mwanga bado waweza kupungua. Taa ya kiakisi tupu, hasa ya H4, ndiyo inayohitaji tahadhari. Ukiamua kununua LED, chagua ile ambayo vipande vyake ni vyembamba na vimekaa mahali pa uzi wa halojeni, nawe uviweke vitazame kushoto na kulia, si juu na chini. Ahadi ya lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) ni ya boksi tu. Halojeni ya H7 hutoa lumeni zipatazo 1,500, na LED inayotumia wati 20 huhesabiwa kuwa imefanya vyema ikikaribia 2,000. Muombe fundi apime mkondo wa umeme: balbu inayodaiwa kuwa ya wati 60 lakini inayovuta ampea moja na nusu tu ni ya wati 20. Angalia pia kama kifuniko cha mpira cha nyuma kinafunga baada ya feni au mkia wa kupooza kuingia, kwani kikiachwa wazi, vumbi la barabara za murramu na maji ya mvua za masika yataingia na kuharibu kiakisi. Kelele kwenye redio ya FM taa zinapowashwa, au onyo la balbu kuungua kwenye dashibodi, ni dalili za LED isiyoafikiana na gari.

Kuhusu rangi, nyeupe isiyozidi kelvini 5,000 hivi (kipimo cha rangi ya mwanga) inatosha. Weupe wenye ubuluu wa 6,500 na kuendelea hupendeza kwenye picha, lakini wakati wa mvua au katika ukungu wa Kimende huyachosha macho na kuifanya lami iliyolowa ionekane kama shimo jeusi.

Vifaa vya kugeuza halojeni kuwa zenoni, vile vyenye balasti (kisanduku cha kupandisha volti) na nyaya za kuunganisha, siwezi kumshauri mtu avinunue. Zenoni haina uzi, bali cheche baina ya ncha mbili, yenye umbo jingine na mwanga unaozidi mara mbili ule wa H7, kwa hiyo kosa la kiakisi huongezeka kwa kiasi hichohicho. Isitoshe, kuiwasha huhitaji zaidi ya volti 20,000, jambo ambalo si la kuchezewa na mtu asiyezima taa kabla ya kushika soketi.

Gari lililotoka kiwandani na zenoni ni jambo tofauti. Hapo nunua balbu mpya za msimbo uleule, zote mbili kwa pamoja, kwani zenoni hufifia polepole na kugeuka waridi, na moja mpya kando ya kuukuu haitalingana nayo. D2S na D4S hazibadilishani, kwa kuwa ya kwanza hufanya kazi kwa volti 85 na ya pili kwa volti 42. Herufi S ni ya projekta, na R ni ya kiakisi.

Wakati wa kufunga, usiguse kioo cha halojeni kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi huunda doa la joto linaloweza kukipasua. Ukigusa kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti. Kisha rudi kwenye ukuta ule wa mita 10 na urudie kipimo, hata kama hukugusa skrubu yoyote. Ukingo wa mwanga wa LED ukionekana umesambaa, au mwanga ukipanda juu ya alama, zungusha balbu kidogo kwenye kitako chake. Usipobadilika, itoe na umrudishie muuzaji, ndiyo maana inafaa kununua kwa duka linaloandika risiti, liwe la Kirinyaga Road au la mtaani kwenu. Ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, hutazama taa za mbele, nao polisi wa trafiki hawahitaji kipimo ili kumsimamisha anayewapofusha.

Balbu ulizotoa, zikiwa bado zinawaka, zifunge kwa kitambaa na uziweke kwenye buti pamoja na bisibisi, kwa sababu LED ikifa huzimika ghafla, na maduka ya vipuri hayafunguliwi saa sita za usiku.