Jinsi ya kuchagua kiwango cha QAM kwa redio inayovuka maji ya Kilindini

Anayeunganisha ofisi mbili kwa redio juu ya maji, tuseme kutoka upande wa Kilindini hadi Mtongwe, hulazimika kuamua atumie kiwango gani cha QAM, yaani modulesheni inayobeba biti kwa kubadilisha ukubwa na fezi ya wimbi (yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) kwa pamoja. Ushauri wangu ni kwamba kiwango hicho kichaguliwe kwa kupima, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamepwa, wala kisichaguliwe kwa kusoma namba kubwa iliyochapishwa kwenye kasha la kifaa.

Kwanza elewa kinachofanyika ndani ya redio. Mawimbi mawili ya masafa yaleyale, yaliyopishana kwa nyuzi 90, hupewa kila moja ukubwa wake, kisha hujumlishwa na kurushwa pamoja. Na kwa sababu yamepishana kwa robo ya mzunguko, kipokezi kinaweza kuyatenganisha tena bila moja kuliingilia jingine. Katika 16-QAM kila wimbi huchukua mojawapo ya viwango vinne, −3, −1, 1 au 3, na hivyo hupatikana nukta 16, kila moja ikibeba biti 4. Kwa hesabu hiyohiyo, 64-QAM hubeba biti 6 na 256-QAM hubeba biti 8. Nukta hizo zikichorwa huitwa kundinyota. Biti zipangwe kwa utaratibu wa Gray, ambapo nukta jirani hutofautiana kwa biti 1 tu.

Nukta zikiongezwa bila nguvu kuongezwa, hubanana, na kelele ndogo hutosha kuisukuma moja hadi mahali pa jirani yake. Bila usimbaji wa kurekebisha makosa, ili biti 1 tu katika milioni ikosewe, ishara yapaswa kuizidi kelele kwa takriban desibeli 14 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu) katika 4-QAM, 20 katika 16-QAM, 27 katika 64-QAM na 33 katika 256-QAM. Usimbaji hupunguza viwango hivyo vyote, lakini pengo la karibu desibeli 6 kati ya ngazi na ngazi hubaki palepale.

Sasa piga hesabu. Katika chaneli ya megahezi 20, kelele ya joto pamoja na desibeli 5 za kelele ya kipokezi hufikia takriban desibeli −96 kwa kulinganishwa na miliwati moja. Ishara ikipokelewa kwa −60, ziada ni desibeli 36, na kwenye karatasi 256-QAM inaonekana inatosha.

Bahari, hata hivyo, huakisi mawimbi kama kioo. Chukua umbali wa kilomita 3, masafa ya gigahezi 5.8, na antena zote mbili zikiwa mita 25 juu ya maji yaliyopwa. Wimbi lililoakisiwa husafiri sentimita 42 zaidi ya lile lililonyooka, na kwa kadiri ya tofauti hiyo mawili hayo yakikutana kwenye kipokezi hujengana au hufutana. Maji yakipanda mita 3, kama yapandavyo wakati wa bamvua, tofauti hiyo hushuka hadi sentimita 32. Urefu wa wimbi lenyewe ni sentimita 5 tu na ushei, kwa hiyo ndani ya saa sita hivi ishara hupanda na kushuka karibu mara mbili. Kisawazishi cha redio, yaani sehemu inayosahihisha mwangwi wa ishara, hakiwezi kukuokoa hapa, maana ucheleweshaji wa nanosekunde moja na nusu hivi ni mdogo mno kuliko muda wa simboli moja (yaani nukta moja inaporushwa), na chaneli nzima hufifia kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo rekodi nguvu ya ishara kila dakika kwa siku 15 angalau, ili upite bamvua na maji mafu pia, kisha uchukue thamani ya chini kabisa. Ikiwa ishara ilishuka kwa desibeli 15, zimebaki 21, nazo ni za 16-QAM. Kwa simboli milioni 16 kwa sekunde, hiyo ni megabiti 64 kabla ya kutoa biti za usimbaji, nusu ya zile ulizotarajia, lakini ni megabiti za uhakika. Redio yenye modulesheni inayojirekebisha iache ipande yenyewe maji yakiruhusu, ila simu na malipo uyapangie ndani ya kile ambacho 16-QAM inaweza kubeba. Kama bajeti inaruhusu, afadhali ufunge antena ya pili ya kupokea, mita 1.5 hivi juu ya ile ya kwanza, kwani kwa vipimo hivi moja ikiwa bondeni nyingine huwa kileleni.

Mwisho, tazama kundinyota kwenye kipimo. Nukta zilizovimba kuwa mawingu ya duara zinaonyesha kelele. Zilizovutwa kuwa tao kuzunguka katikati zinaonyesha kwamba oslata, yaani sehemu ya redio inayozalisha wimbi, haijatulia. Na zile za pembeni zikiwa zimesogea ndani, amplifaya imeelemewa, hivyo punguza nguvu ya kurusha kwa desibeli 2 au 3 na uzitazame tena.